Mteja anataka pesa yake irudi: maswali wanayoniuliza wauzaji wenzangu wa mtandaoni, Unguja na Pemba

Asalaam aleikum jamani. Haya maswali nayajibu karibu kila wiki kwa voisi noti mpaka koo linanikauka, kwa hivo nimeona niyaandike pahala pamoja, mtu akiuliza namtumia asome. Mie nauza abaya, madera, udi, viungo na sabuni za mwani, nipo Mjini Unguja, wateja wangu wapo hapahapa, Pemba, Dar na wachache Maskati. Nilianza na posti za WhatsApp stetasi tu na makosa nimeyafanya mengi, kwa hivo ninayoyasema hapa mengine nimeyalipia kwa pesa yangu.

## Mambo ya mwanzo

Kila mteja akitaka pesa yake irudi, lazima nimrejeshee?

Hapana. Kwanza ujue kwa nini anaitaka, maana sababu zote ukizitizama zinaangukia kwenye mafungu matatu. La kwanza kosa lako: umetuma rangi siyo, nguo ina tobo, umechelewesha, au ulichokisema kwenye posti sicho alichokipokea. La pili kosa la njiani: mzigo umerowa, umevunjika, umepotea. La tatu hakuna kosa la mtu, kabadili mawazo tu au mume kamwambia hapendi.

La kwanza na la pili unarejesha yote bila ya kubishana. La tatu ni hiari yako na inategemea ulimwambia nini kabla hajalipa. Mimi la tatu nalikubali mara nyingi, kwa sababu dini imetuhimiza anayemkubalia mwenzake kuvunja mauziano aliyoyajutia, Mwenyezi Mungu naye atamuondoshea kuteleza kwake Siku ya Kiama, na biashara ukiangalia vizuri haiumii, dera halijavaliwa linauzika kesho yake. Ila nauli inakuwa juu yake, hilo nimelieleza kwenye swali la nauli huko chini.

Nimeandika "mali ikishauzwa hairudishwi", si inatosha?

Haitoshi. Yale maandishi tumeyachukua kwenye kuta za maduka ya Darajani, lakini pale mteja kakishika kitambaa, kakinusa, kakigeuza nje ndani, kabishana bei, ndo katoa pesa. Wako weye kaona picha tu uliyoipiga karibu na dirisha jua la saa nne. Masheikh wanalijua hili, kuna khiyari ya aibu, yaani mteja akikuta kasoro ambayo hakuambiwa ana haki ya kurejesha, hata kama ulibandika tangazo kubwa namna gani.

Na serikalini pia lipo. Zanzibar tuna sheria ya mwaka 2018 ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, na Tume yake ya Ushindani Halali wa Biashara, ile watu wanaiita ZFCC, mteja anaweza kwenda kukushitaki huko. Wengi wetu tunadhani kwa kuwa hatuna duka la mlango basi hayatuhusu. Unauza, unapokea pesa za watu, yanakuhusu.

Nimpe mteja muda gani wa kulalamika?

Unguja mimi natoa saa 24 tokea kaupokea mzigo. Pemba na Dar siku 3, kwa sababu mara nyingi mzigo unapokelewa bandarini na mtu mwengine, unalala kwake, mwenyewe anaufata kesho yake. Kuhesabu tokea siku uliyotuma ni dhulma, mtu wa Konde akikupigia siku ya nne kumbe mzigo kaupata jana, utamwambia nini?

Bidhaa yenye kasoro ya ndani ambayo haionekani siku ile, mfano abaya ikifuliwa mara moja rangi inashuka yote, hiyo haina saa 24. Ukiwa unajua kitambaa chako kinashuka rangi useme mapema.

Masharti niyaandike wapi?

Mahala atakapoyaona KABLA hajatuma pesa. Kuyaweka kwenye hailaiti ya Instagram halafu baadae unamwambia "si yapo pale" haisaidii kitu. Mimi nina ujumbe mmoja nimeuhifadhi kwenye simu, mtu akisema "nachukua" namtumia huu pamoja na namba ya kulipia, nasubiri ajibu "sawa":

"Ukipokea mzigo ufungue mbele ya aliyekuletea, au urekodi video unapoufungua. Ukiwa na kasoro au sio ulioagiza nambie ndani ya saa 24 (Pemba na bara siku 3), nakubadilishia au narejesha pesa yote pamoja na nauli. Ukibadili mawazo na mzigo haujatumika, narejesha pesa ya bidhaa, nauli ya kwenda na kurudi yako. Manukato na sabuni zilizofunguliwa hazirudi isipokuwa zina kasoro. Pesa inarudi kwenye namba ile ile iliyotuma."

Chukueni mbadilishe mnavyotaka. Lile "sawa" lake msilidharau, limeniokoa mara nyingi kuliko skrinishoti yoyote.

## Pesa zenyewe

Nirejeshe kwa njia gani?

Kwa njia ile ile iliyokuja nayo na kwa namba ile ile. Kalipa kwa M-Pesa, inarudi M-Pesa kwenye namba iliyotuma. Kalipa kwa benki ya PBZ, inarudi akaunti iliyotoka. Akikwambia "nitumie kwenye namba ya dada yangu" mpigie kwa sauti kwanza, kwa namba ile ile aliyolipia, akubali mwenyewe, halafu aandike ujumbe. Usitume kwa maneno ya chati tu, simu za watu zinaibiwa na akaunti za WhatsApp zinatekwa kila siku.

Kabla hujabonyeza, jina linalotokea ulisome. Sio ulitizame, ulisome. Ukikosea namba usikae kumbembeleza aliyepokea, piga 100 kwa mtandao wako hapohapo, kila dakika inayopita ndo anazidi kuitoa kwa wakala. Ukishatuma, chukua namba ya muamala umpelekee mteja na uiandike kwenye daftari.

Ada ya kutuma na ya kutolea nani analipa?

Mwenye kosa. Nikikosea mimi, natuma na ya kutolea. Mteja kalipa 28,000, yaani dera 25,000 na nauli 3,000, basi akenda kwa wakala atoke na 28,000 mkononi. Ukimrejeshea 25,000 halafu wakala akakata na ada, yeye kapoteza pesa kwa kosa lako na hilo atalisimulia kwenye kila shughuli atakayokwenda.

Akibadili mawazo yeye, natuma ya bidhaa kavu, bila ya kutolea, na namwambia hivo kabla ya kutuma asije akadhani nimemkata kwa siri.

Pesa nishaitumia kununua mzigo mwengine, na mteja anaitaka sa hivi. Nifanyeje?

Hili ndo swali lenyewe, mengine yote ni matawi yake. Ukimuona muuzaji anamzungusha mteja, mara "mtandao unasumbua", mara "kesho inshaallah", mara kamblok, aghalabu sio mwizi wa kuzaliwa, ni mtu kaitumia pesa ya oda kabla oda haijafika, na sasa hana.

Nawahadithia langu. Ramadhani moja nilichukua oda 11 za abaya za Iddi, kila moja 45,000, watu wamelipa yote. Pesa yote nikaituma kwa muuzaji wa jumla Dar, akaniahidi mzigo kumi la mwisho. Haukuja. Nikaambiwa umeshapakiwa, nikaambiwa bado, nikaambiwa dereva kaumwa, mzigo ukaingia mfunguo mosi tarehe 4, watu washasali Iddi kwa nguo za mwaka jana. Kumi na mmoja wote wakataka pesa zao na walikuwa na haki, abaya ya Iddi baada ya Iddi ni kitu chengine kabisa. Mie nina abaya 11 chumbani na sina hata laki moja. Wa mwisho nimemlipa siku nne kabla ya Iddi kubwa. Miezi miwili ile nilikuwa nikiona simu inaita moyo unanenda mbio, na kuna dada mmoja wa Fuoni mpaka leo hanunui kwangu na simlaumu.

Tokea siku hiyo nina laini ya pili, ya oda tu. Pesa ya mteja inaingia huko na inakaa huko mpaka aniandikie "nimepata, asante", ndo naihamisha kwenye laini yangu ya biashara. Mzigo wa jumla nanunua kwa pesa iliyokwisha kuhama. Kama mtaji haukutoshi kununua kabla ya kuuza, basi chukua oda chache, chukua tatu badala ya kumi na moja, utakua pole pole lakini utalala usingizi. Mimi naamini kwa dhati pesa ya oda ni amana, umeshikishwa tu, na ukiiona hivo nusu ya maswali haya hutoyauliza.

Kama ushaitumia tayari: mwambie ukweli leo leo, mpe tarehe na kiwango ("Ijumaa 15,000, Ijumaa ya pili 15,000, ya tatu zilobakia"), na uitimize. Watu wanavumilia deni lenye tarehe, wasichovumilia ni kudanganywa.

Mteja katanguliza nusu halafu hataki tena, nusu ile ni yangu?

Kama bidhaa ipo dukani na hujaifanyia kitu, mrudishie. Hujapoteza chochote.

Kitu cha kutengenezesha ni mbali. Kofia ya kiua, mwenye kuishona kwa mkono anakaa nayo wiki na wiki, na imepimwa kwa kichwa cha mtu mmoja. Gauni la harusi limekatwa kwa vipimo vyake. Hapo useme tokea mwanzo kwamba kazi ikishaanza tangulizo linakwenda kwa fundi, na akikatisha kabla fundi hajagusa kitambaa unamrejeshea yote. Mie napiga picha siku ya kukata kitambaa na kumtumia, mpaka hapo ana ruhusa ya kughairi, baada ya hapo hapana.

Naweza kumpa kitu chengine badala ya pesa?

Muulize, usimlazimishe. "Nikubadilishie au nikurejeshee?" ndo suali la kuuliza, kwa mfuatano huo huo. Kosa likiwa lako na yeye anataka pesa, basi ni pesa. Wengi ukiwauliza kwa upole wanachagua kubadilisha, wanaong'ang'ania pesa ni wale walioona unawakwepa.

## Mzigo ukiwa njiani

Mzigo umepotea au umerowa kwenye boti, hasara ya nani?

Yako, mpaka umfikie mkononi. Najua inauma, mzigo umeuacha mzima bandarini Malindi hapa Mjini, umelipa, boti imekwenda Mkoani Pemba, ukafika umerowa chapachapa na baharia hajui lolote. Lakini mteja hakumchagua yule baharia, umemchagua weye.

Kama mteja mwenyewe kakwambia "mpe mjomba wangu anasafiri kesho", basi ukishamkabidhi mjomba umemkabidhi yeye. Piga picha ya kukabidhi, mtumie, umemaliza.

Kinga ni kufunga vizuri. Nyakati za kusi bahari inachafuka na maji yanaingia kwenye mizigo ya chini, kwa hivo viungo naviweka kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, nguo kwenye boksi lililozungushwa tepu pande zote, na jina na namba ya simu naziandika kwa maka pen pande mbili, wino wa kalamu unaondoka ukirowa. Kila mzigo napiga picha tatu: bidhaa kabla ya kufungwa, mzigo uliofungwa, na risiti au sura ya mzigo ukiwa kwa mpokezi. Ukipotea, hizo picha ndo zako za kudaia kwa aliyeubeba. Na kudai kwa msafirishaji ni kazi yako, mteja asisubirishwe mpaka weye ulipwe.

Nauli ya kurudisha mzigo nani analipa?

Sawa na ada za kutuma pesa, tizama huko juu: mwenye kosa. Nimekosea mimi, namtumia nauli kwanza ndo aurejeshe. Kabadili yeye, analipa yeye.

Nimrejeshee pesa kabla mzigo haujanifikia?

Kwa mteja wa zamani, ndio, akishanitumia picha ya mzigo umekabidhiwa. Kwa mgeni nasubiri niupate, niufungue, na nirejeshe siku hiyo hiyo. Namwambia hivo wazi: "ukifika mchana, jioni utakuwa na pesa yako". Usipompa saa atakupigia kila saa.

Mzigo ukirudi ufungue huku unarekodi. Nilisharejeshewa boksi lina dera jengine kabisa, kuukuu, na bila ya video ningekuwa sina la kusema.

Bidhaa ni ya 8,000, kuirudisha kutoka Wete nauli inakula pesa yote. Nifanyeje?

Mwachie. Mrejeshee pesa na umwambie aigawe au aitumie kama inamfaa. Sabuni tatu za mwani zilizovunjika kona hazistahiki kuvushwa bahari mara mbili. Au mpunguzie: "kaa nayo, nikurejeshee 3,000?" Wengi wanakubali. Ila akikataa usimbane, rejesha yote. Ukimuona ni mtu wa kila mara kudai kasoro kwenye vitu vidogo, daftari litakuonesha, na mara ya tatu humuuzii.

## Bidhaa zenye mtihani

Manukato, udi, sabuni na nguo za ndani: zikifunguliwa zinarudi?

Zikifunguliwa kwa kuwa hakupenda harufu, hapana, hutoweza kumuuzia mwengine. Kwa hivo msaidie kabla, mtu wa Unguja mpe kijaribio kwenye pamba kwa 1,000 kisha uipunguze hiyo 1,000 kwenye bei akinunua. Zikiwa na kasoro, yaani chupa inavuja au udi umechanganywa na vijiti visivyo, zinarudi hata zikiwa zimefunguliwa, maana asingeijua kasoro bila ya kufungua.

Mteja anasema viungo vina unyevu au vimechanganywa.

Rejesha na ukaguwe gunia lako. Hili silitilii mzaha. Mnaikumbuka hadithi ya Mtume (SAW) alipopita sokoni akatia mkono kwenye rundo la chakula, vidole vikakuta umajimaji ndani, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wakauona, na akasema anayeghushi si katika sisi. Mdalasini wa unga ukiusaga na ukaupakia bado una joto, unatoa jasho ndani ya paketi na wiki ya pili una ukungu, hujakusudia lakini mteja kala ukungu. Saga, anika, uache upoe kabisa, ndo upakie.

Na karafuu: paketi ndogo ya jikoni ni jambo moja, lakini mtu akikuagiza magunia ya karafuu kavu asafirishe usipokee hata tangulizo, kununua karafuu za wakulima ni kazi ya ZSTC, shirika la biashara la serikali, na ukikamatwa, mzigo unakwenda na pesa ya mteja unadaiwa.

Nguo haikumkaa, au rangi sio ile ya kwenye picha.

Rangi: ukitumia filta ni kosa lako, rejesha. Piga picha kivulini, bila ya filta, na andika rangi kwa maneno tunayoelewana, "rangi ya zambarau iliyokoza", "kijani cha mgomba".

Saizi: usimuulize "wavaa ngapi", muulize urefu kwa inchi. Abaya 54 na 56 kwenye simu zinafanana, kwa mtu mfupi moja inaburura. Mwambie apime abaya anayoipenda kutoka begani mpaka chini akupe namba. Akikupa namba na umetuma hiyo hiyo, kutomkaa sio kosa lako, mbadilishie kwa nauli yake. Ukimkisia weye kwa kumuona profaili, ni lako.

Nauza simu. Mteja karudisha simu, nitajuaje ni ile ile?

Kabla ya kutuma bonyeza *#06# uandike IMEI (namba za utambulisho wa simu) zote mbili kwenye daftari na umtumie mteja picha yake. Ikirudi, linganisha kabla ya kurejesha shilingi.

## Utapeli na wateja wagumu

Mtu katuma pesa "zimezidi" anataka nimrejeshee zilizozidi haraka haraka.

Simama. Usirejeshe kwa kusoma meseji, tizama salio. Wanatuma ujumbe uliotengenezwa unaofanana na wa mtandao, "Umepokea 150,000", halafu anapiga analia mtoto yuko hospitali, mrejeshee 100,000 aliyoizidisha. Ukiingia *150*00# ya M-Pesa au menyu ya mtandao wako, salio ni lile lile la asubuhi. Kadhalika ile meseji ya "ile pesa nitumie kwenye namba hii", kama ulikuwa unataka kumrejeshea mteja siku hiyo unaweza ukadhani ni yeye. Ndo maana nasema namba ile ile iliyolipa, rudi kwenye swali la njia ya kurejesha.

Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040, ni bure na namba inafungiwa.

Karudisha dera limeshavaliwa, lina harufu ya udi na alama ya jasho.

Mpigie, usimchambe kwenye chati. "Dada, dera limefika, lakini limeshavaliwa, siwezi kulipokea. Nikurejeshee dera lako?" Basi. Usiongeze neno. Mimi natia kikaratasi kidogo kwenye shingo kwa pini, kikitolewa nguo hairudi, na hilo nalisema kwenye video ya kumtumia.

Anatishia kuniposti kwenye magrupu.

Kama ana haki, mlipe kwa sababu ana haki, sio kwa sababu ya grupu. Kama hana, usimlipe kwa kuogopa, utawafundisha wengine. Mwandikie mara moja, vizuri, tarehe, ulichokubaliana naye, ulichokuwa tayari kufanya. Akiposti, unaweka ujumbe huo huo chini yake na unanyamaza. Namba yake na picha yake usiziweke, hata akikutukana.

Mteja ni ndugu, ami au jirani, naona haya kumwambia masharti.

Haya ndo yanayovunja undugu baadae. Mtumie ujumbe ule ule kama wateja wote, anza na "shikamoo ami, huu ndo utaratibu wangu kwa kila mtu". Ukitaka kumsamehe kitu msamehe, lakini iwe sadaka yako umeijua, sio hasara imekuingia hujui.

Mtoto kanunua kwa simu ya mama yake.

Rejesha yote kwa namba ya mama, mzigo ukirudi mzima. Mtoto hana mauziano. Oda za usiku wa manane zenye emoji kumi na tano mimi nasubiri asubuhi nipige kwanza.

## Masoko ya nje, kadi na risiti

Facebook Marketplace na Instagram hawatatusaidia mzozo ukitokea?

Kwetu huku wao wanabeba tangazo tu. Pesa imetoka simu ya mteja ikaingia simu yako, katikati hakuna mtu wa kuishika wala wa kuamua. Kwa hivo weye ndo muuzaji, weye ndo dawati la malalamiko.

Ndugu yangu yuko Uingereza, anauza mikoba yangu ya ukili kwa eBay. Mteja wa kule akitaka kurejesha?

Kule mambo ni ya saa na siku. Mteja akifungua ombi la kurejesha, muuzaji ana siku 3 za kazi za kujibu, zikipita eBay wanaweza kuingilia na kuamua wenyewe. Na akinunua kwa mfanyabiashara, sheria ya Uingereza ya 2013 inampa siku 14 tokea kupokea za kughairi bila ya kutoa sababu, halafu siku 14 nyengine za kurudisha, na pesa yake inarudi pamoja na nauli ya kawaida aliyolipa mwanzo. Kitu kilichotengenezwa kwa jina lake au vipimo vyake hakimo.

Ushauri wangu: anuani ya kurudishia iwe ya ndugu yako huko huko, usimwambie mzungu arudishe mkoba Chake Chake, nauli itazidi mkoba. Na mgao wako usiuchukue mpaka siku za kughairi zipite, ni ile ile amana ya huko juu.

Mtalii kalipa kwa kadi halafu anataka pesa yake taslimu kabla hajapanda ndege.

Usimpe taslimu. Rejesha kwenye kadi ile ile kwa mashine ile ile. Ukimpa taslimu, akifika kwao anaweza kuiambia benki yake hakuridhika na malipo yakavutwa tena kwako, umelipa mara mbili.

Nimeshatoa risiti ya ZRA (mamlaka ya mapato Zanzibar) na mteja karudisha mzigo.

Usiyaache yakakaa kama mauzo, utayalipia kodi. Weka risiti, sababu na namba ya muamala wa kurejesha pamoja, na uwaone ZRA mapema wakurekebishie kwenye mfumo, usingoje mwisho wa mwezi.

Nataka kurejesha lakini mteja simpati, namba imefungwa.

Pesa sio yako bado. Jaribu WhatsApp, muulize aliyempelekea mzigo, muulize aliyekuunganisha naye. Masheikh wanasema ukikata tamaa kabisa ya kumpata unaweza kuitolea sadaka kwa niaba yake, na akitokea na hakuridhia, unamlipa. Mimi ninaye mmoja wa Micheweni, aliagiza viungo, vilikuwa vimeniishia, na kabla sijamrejeshea laini yake ikafa. Elfu kumi na nane yake ipo kwenye laini ya oda mpaka leo, jina lake liko ukurasa wa mwanzo wa daftari, na kila nikipata mteja wa Micheweni namuuliza kama anamjua.